Muhula Mmoja, Tangi Moja

Jumatatu tarehe 4 Septemba 2023, saa mbili kasorobo asubuhi, Twaiba Matano alitia saini katika daftari la stoo la Chuo cha Ufundi cha Mabatani kuonyesha kwamba amerudisha matofali mia mbili na arubaini ya mazoezi. Kwenye safu ya maelezo aliandika: "Hayahitajiki muhula huu." Mtunza stoo alimwuliza kama ameacha kazi. Twaiba alimjibu kwamba ndiyo kwanza anaianza.

Matofali hayo yalikuwa yamefundishia uashi chuoni hapo, nje kidogo ya mji wa Msambweni, kwa miaka kumi na mmoja. Kila muhula wanafunzi waliyapanga yakawa ukuta, nyuma ya karakana ya useremala, kwa udongo mwekundu usiotiwa hata kijiko cha saruji, ili yabanduke bila kuvunjika. Mwalimu aliupima ukuta kwa timazi, akatoa alama, kisha ukuta ukabomolewa na matofali yakasuguliwa kwa ajili ya kundi lijalo. Kati ya ukuta na ukuta wanafunzi walinakili ubaoni: maana ya msingi, aina za mchanga, matumizi ya pima-maji. Twaiba aliusimamia ukuta huo mara kumi na tano. Mara ya mwisho, mwezi wa Juni, mbuzi wa jirani aliuegemea akijikuna, ukaanguka kabla haujapimwa. Wanafunzi walicheka sana. Yeye alitazama udongo uliomwagika akatoka nje ya ua, akatembea hadi barabara ya lami na kurudi.

Twaiba ana umri wa miaka arubaini na miwili. Alizaliwa Gazi, na kazi aliijifunza Diani akiwa na miaka kumi na tisa, akibeba karai za zege kwenye ujenzi wa nyumba za wageni. Siku moja waashi wawili hawakutokea kazini na msimamizi, ambaye hakuwa na mwingine wa kumpa, akampa mwiko. Ukuta aliopiga plasta siku ile bado upo. Huupita akienda sokoni Ukunda, na hakuna safari asiyoutazama. Baadaye alifanya mitihani ya ufundi, akafeli wa kwanza, akapita wa pili, kisha akasomea ualimu. Hakai. Chai yake hupoa mezani kila siku, na wenzake chuoni humwita Bi Mbio, naye huitika.

Mwezi wa Agosti alikwenda kwa mkuu wa chuo, Bwana Garama, na pendekezo la kurasa mbili. Alitaka wanafunzi tisa wa mwaka wa pili watumie muhula mzima kwenye kazi moja ya kweli: wachague wenyewe, wachore, wakadirie vifaa, wajenge, na mwenye kazi akabidhiwe. Somo la mchanga lifundishwe siku mchanga unapohitajika, na hesabu ya duara siku duara linapochorwa ardhini.

"Mwalimu Twaiba, wataka kuwapeleka watoto wa watu wakajenge kitu kizima," Garama alisema, "na zege hawajajua kuchanganya."

"Watajua wakichanganya."

"Na wakikosea?"

"Watakosea. Chuoni pia wanakosea, ila ukuta ukishabomolewa hakuna anayejua."

"Hilo ndilo zuri la ukuta wetu," Garama alisema, na hakuwa anatania.

Hata hivyo alimpa muhula mmoja. Barua yake ilikuwa na mistari minne. Kazi hiyo ikipita mbele ya mkaguzi wa kaunti, utaratibu utaendelea, na idara za umeme na useremala zitauiga. Isipopita, mwezi wa Januari darasa litarudi kwenye ubao na ukuta wa uani, na wanafunzi wote tisa watarudia sehemu ya vitendo. Twaiba aliikunja barua ile akaitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi, na kwa wiki kumi na moja zilizofuata hakuitoa humo ila siku za kufua.

Mapendekezo ya wanafunzi yalikuwa matatu. Mmoja alitaka lango jipya la chuo. Judy, msichana wa Ukunda ambaye wazazi wake walihamia kutoka bara, alitaka kibanda cha chipsi karibu na stendi. La tatu lilitoka kwa Dama, mwenye miaka ishirini na miwili, kutoka Mwadzombo, kijiji cha wafugaji kilomita thelathini na nane ndani, upande mkavu. Kule kuna shule ya chekechea yenye paa la mabati lisilo na tangi. Maji ya nyumbani huchotwa kwenye silanga, bwawa la kuchimbwa lililo mwendo wa saa nzima, na mifugo nayo hunywa humo humo.

"Mvua ikinyesha tunasimama tukiyaangalia maji yakienda," Dama alisema, akakaa.

Hakuna aliyekiombea tena kura kibanda cha chipsi, hata Judy.

Kwa wiki mbili za kwanza hawakujenga kitu. Walikwenda Mwadzombo mara mbili kwa lori la chuo, wakapima paa, wakauliza wenyeji mvua ya vuli hukaa muda gani. Redio zilikuwa zikitangaza kwamba mwaka huo mvua ingekuwa kubwa kuliko kawaida, na Twaiba alizisikiliza tangazo baada ya tangazo. Walikata shauri kujenga tangi la mviringo la lita elfu kumi, la waya na plasta: vyuma vyembamba vinasimamishwa kama kizimba, vinazungushiwa waya wa kuku, kisha plasta inapigwa nje na ndani. Linatumia saruji kidogo, lakini halisamehe uzembe.

Kufundisha kwa namna hii kulimchosha Twaiba kwa jinsi asiyoitarajia. Kazi yake kubwa ilikuwa kunyamaza. Mwanafunzi mmoja alipofunga waya vibaya, mikono ya Twaiba iliinuka yenyewe, akaishika nyuma ya mgongo na kumwuliza aliyefunga, "Ukivuta hapa, kutatokea nini?" Mwanafunzi akavuta, ukafunguka, akaufunga upya. Swali lilichukua dakika ishirini badala ya mbili. Twaiba aliizunguka kazi kama kuku mwenye vifaranga, akitazama saa, akitazama mawingu.

Siku ya kutafuta mchanga, Judy aliuliza kwa nini wasichukue ule wa ufuoni.

"Mwalimu, beach yote ile, na ni free. Tunaenda kuhangaika mtoni ya nini?"

"Uonje."

"Niuonje nini?"

"Mchanga."

Judy aliwatazama wenzake, akachota punje chache kwa kidole, akazitia ulimini. "Chumvi," alisema, akitema.

"Na ndani ya plasta kutakuwa na chuma. Kesho uniambie chumvi na chuma hufanyana nini."

Kesho yake Judy alikuja na msumari ulioshinda na kulala ndani ya kikombe cha maji ya bahari, na maelezo ya dakika tano ambayo yalikuwa sahihi isipokuwa neno moja. Baadaye, kwenye mchanga wa mto, walifanya jaribio la chupa: mchanga na maji, tikisa, acha utulie, upime unene wa tope linalokaa juu. Chupa tatu zilikataliwa. Ya nne ilikubaliwa na Dama, aliyekuwa na jicho kali kuliko wote kwa tope ndani ya maji, kwa sababu ndiyo kazi aliyokua akiifanya.

Plasta ya mwisho ilipigwa Alhamisi tarehe 28 Septemba. Tangi lilisimama kando ya darasa la chekechea, la kijivu, limenyooka, na wanakijiji walilizunguka wakiligonga kwa vifundo vya vidole. Ilikuwa imebaki kazi moja isiyo na ufundi mwingi: kulinywesha. Plasta inapokauka haraka hupasuka, kwa hiyo ukuta ulipaswa kuvikwa magunia na kumwagiwa maji mara tatu kwa siku, kwa siku kumi na nne. Wanafunzi walikuwa wamepiga hesabu ya mitungi sita kila siku, kila mmoja wa lita ishirini. Wenzake waliporudi chuoni Dama alibaki kwao kusimamia. Kadi ilitundikwa kwenye msumari mlangoni mwa darasa, yenye miraba arubaini na miwili ya kutia alama. Mkaguzi, Bwana Amin, alikuwa amepanga kuja Ijumaa tarehe 13 Oktoba.

Twaiba alikuwa ameahidi kutokwenda Mwadzombo kabla ya siku hiyo. Alivumilia siku nane. Siku ya tisa, Jumamosi tarehe 7, alipanda bodaboda asubuhi na kufika saa nne.

Kadi ilikuwa na alama ishirini na tano, zote zimetiwa kwa mkono uleule nadhifu. Aliliendea tangi akaweka kiganja chini ya gunia. Gunia lilikuwa kavu. Ukuta ulikuwa mkavu, mweupe kama majivu. Alivua gunia moja, la pili, la tatu. Nyufa zilikuwa nyembamba kama nywele, zimeanza kiunoni mwa tangi na kushuka, na mbili zilikuwa zimekutana.

Dama alitoka nyuma ya darasa na beseni mkononi, ndani yake kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Maji umemwaga lini mwisho?"

"Asubuhi nimefanya. Nimetia alama."

"Nimeiona alama. Nauliza maji."

Dama aliliweka beseni chini. Lilikuwa na maji ya kimo cha vidole viwili. Alilowesha kitambaa, akakikamua vizuri ili tone lisipotee, akaupangusa ukuta kutoka juu hadi chini, kwa uangalifu, kama mtu anayempangusa uso mtoto mwenye homa. Nyuma ya mkono wake unyevu ulififia kabla hajafika chini.

"Hivi mara tatu kwa siku?"

"Mara tatu. Hata jana nilikuwa na harusi, nilirudi."

"Dama, darasani tulisema kumwaga."

"Najua tulisema kumwaga. Siku ya kwanza nilimwaga. Bi Shutu alikuwa anapita na mtungi kichwani, ametoka silangani. Akasimama. Maji yalikuwa yanashuka ukutani yanaingia mchangani, na yeye anayatazama. Hakunisemesha kitu, Mwalimu. Angenitukana ningemwaga." Alikitazama kitambaa. "Siku ya pili nikachukua hiki."

Twaiba alikuwa ameufundisha unyweshaji wa plasta mara kumi na tano, kila mara mita nane kutoka kwenye bomba la chuo. Mitungi sita kwa siku ilikuwa imeandikwa kwenye mpango, ikakaguliwa, ikapigiwa mstari. Hakuna aliyeuliza itatoka wapi wala itamwagwa mbele ya macho ya nani, na aliyestahili kuuliza kwanza alikuwa yeye. Aliandika hivyo katika daftari lake la kazi, akiwa amesimama, kwa sentensi mbili.

Kesho yake, Jumapili, alirudi tena. Safari hii alibeba mwiko na nusu mfuko wa saruji. Tangi lile angeweza kulikwangua na kulipiga plasta upya peke yake kwa siku moja na nusu. Mikono yake ilijua kila hatua. Alikwangua ufa mmoja, urefu wa shubiri. Kisha akaacha. Kazi ingepita, na ingekuwa yake. Aliufunga mfuko wa saruji akauacha ndani ya darasa, akamwita mwenye bodaboda ambaye hata soda hakuwa ameimaliza.

Jumatano darasa zima lilikaa karakanani kujadili la kufanya. Dama alikuwepo, amekaa karibu na mlango.

"Kwa hivyo umekuwa ukilipangusa," Judy alisema. "Tangi. Kama mtoto wa makamasi."

"Mtoto wa makamasi angalau hukaa akapona," mwingine alidakia.

"Wewe uliwahi kubeba mtungi saa nzima?" Dama alimwuliza Judy.

"Mimi hata kwenda dukani natumia boda, dadangu. Sijakataa. Nasema tu ni ngori, tumekwama." Judy alimgeukia Twaiba. "Mwalimu, tupige niru. Ule uji wa simiti, tunapaka laini, inafunika zote. Hiyo Ijumaa mkaguzi ataona tangi inang'aa."

Garama alikuwa amesimama dirishani akisikiliza. Wazo lake lilikuwa la upole zaidi. Mvua haijaja, alisema, tangi ni tupu, na tangi tupu halivuji. Bwana Amin aje, aone umbo, aone vipimo, aondoke. Nyufa zitashughulikiwa polepole baadaye.

"Na mvua ikija?" Twaiba aliuliza.

"Ikija, muhula utakuwa umekwisha."

Twaiba alitembea kutoka ubaoni hadi mlangoni mara mbili. Alijua kwamba Garama alikuwa anamfungulia njia, na kwamba ilikuwa njia ya pekee iliyo salama. Mkononi alikuwa na chaki. Alitaka kusema neno moja tu, hapana, na kulimaliza jambo. Badala yake aliwauliza wanafunzi nani kati yao angependa mamake ateke maji kwenye tangi lililopakwa niru. Swali lile halikuwa la haki na alilijua. Hakuna aliyeinua mkono. Judy alisema, "Ah, basi," akaomba chaki.

Amin alipofika Mwadzombo siku ya Ijumaa alikuta kila ufa umechorewa mstari wa chaki kando yake, na urefu na tarehe vimeandikwa. Zilikuwa nyufa thelathini na moja. Amin ni mtu mwembamba, aliyefanya kazi za maji kwa miaka ishirini kabla ya kuwa mkaguzi. Aligonga ukuta kwa sarafu, akasikiliza, akaisoma kadi.

"Nani alisimamia maji?"

Garama alikohoa. Twaiba alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," Dama alisema.

"Kadi inasema mlimwaga mara tatu kwa siku."

"Kadi imedanganya. Nilipangusa."

"Kwa nini?"

"Samahani, baba. Wewe watoka wapi?"

"Ukunda."

"Bomba liko ndani ya nyumba?"

"Liko."

"Basi ni vigumu kukueleza."

Judy aliziba mdomo kwa kiganja. Amin hakucheka. "Jaribu," alisema.

Dama alijaribu. Alieleza habari ya Bi Shutu, na beseni, na silanga. Amin alimsikiliza hadi mwisho, akafunga kalamu yake.

"Nimekuelewa. Lakini sikuja kutia alama sababu, nimekuja kutia alama tangi. Hili halijakamilika." Hakuandika chochote kwenye fomu. Alisema angerudi tarehe 14 Novemba, mvua ya vuli ikiwa imeshaingia tangini. Angepiga mstari kwenye kimo cha maji, afunge kifuniko kwa kufuli, na kusoma tena kimo hicho baada ya siku tatu. Kikishuka zaidi ya nusu inchi, kazi imefeli, na barua ya mkuu wa chuo itafuatwa neno kwa neno.

Walikuwa na siku thelathini na mbili. Wiki ile ya kwanza ilikuwa ya kukwangua: wanafunzi tisa na patasi, vumbi hadi kwenye kope, plasta mbovu inaondolewa hadi waya uonekane. Swali la maji lilikuwa bado palepale. Silanga haikusogea. Mmoja alipendekeza kuomba lori la maji, na Twaiba akawauliza watu wa Mwadzombo wangejisikiaje kuona lori zima likimwagwa ukutani. Hapo Dama alichukua kijiti akachora ardhini.

Wazo lake lilikuwa hivi: kuzunguka chini ya tangi wachimbe mfereji usiozidi upana wa mkono, wautandike karatasi ya nailoni, uelekee kwenye shimo dogo lenye ndoo. Maji yakimwagwa juu yateremke ukutani, yaingie mferejini, yarudi ndooni, yamwagwe tena. Ukuta ungefunikwa kwa nailoni juu ya magunia ili jua lisiibe. Badala ya mitungi sita, labda miwili. Maji yale yasingenyweka, yamegusa saruji, lakini yasingepotea.

"Hilo halimo kwenye kitabu," mwanafunzi mmoja alisema.

"Kitabu kiliandikwa na mtu mwenye bomba," Dama alijibu.

Plasta mpya ilipigwa tarehe 19 Oktoba. Siku iliyofuata asubuhi Bi Shutu alikuja mwenyewe. Ni mwanamke wa makamo mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Alikuja na mtungi wake, akaumwaga ukutani kwa mkono wake bila kuombwa, kisha akaenda kuchutama kando ya ndoo na kungoja. Maji yalirudi yakitiririka, ya kijivu. Alipima kwa macho.

"Yamerudi zaidi ya nusu," alisema.

"Yamerudi," Dama alisema.

"Kesho atakuja mwanangu na mwingine."

Kwa siku kumi na nne ukuta haukukauka. Twaiba alikwenda mara sita, na kila mara aliweka kiganja kabla ya kusalimia watu. Tarehe 3 Novemba mvua ilianza, na haikuwa mvua ya kawaida. Barabara ya ndani ilikatika sehemu mbili. Lori la chuo lilirudi njiani, bodaboda zikakataa, na simu za Mwadzombo zikawa zinapatikana kwa dakika chache tu mchana. Kwa siku tisa hakuweza kufika. Alifundisha darasani akitazama dirishani. Alipiga simu hadi mwenye duka la vocha akamwuliza kama kuna mgonjwa.

Siku ya tano alipata ujumbe: "Maji futi 2. Nje kukavu. Dama."

Aliusoma mara kadhaa. Miraba ishirini na mitano iliyotiwa alama ilikuwa bado inamkaa kichwani. Aliandika, "Umegusa au umetazama?" Jibu lilikuja kesho yake mchana: "Nimegusa. Karibu na bomba la kutolea maji kuna unyevu. Ukubwa wa kiganja." Hapo aliamini, kwa sababu ya ule unyevu.

Jumanne tarehe 14 Amin, Garama na Twaiba walifika kwa trekta ya kukodi, matope hadi magotini. Tangi lilikuwa na maji futi nne na nusu. Amin aliutenganisha na tangi mfereji wa paa, ule wa bati unaoleta maji ya mvua, ili tone jipya lisiingie, akapiga mstari ndani kwa msumari, akafunga kifuniko kwa kufuli lake mwenyewe na kuweka ufunguo mfukoni. Zile siku tatu Twaiba alikaa Mwadzombo kwa kina Dama. Hakuwa na la kufanya. Alimsaidia mama wa nyumba kukarabati jiko, halafu choo, halafu kizingiti cha mlango ambacho hakikuwa na tatizo.

Ijumaa saa tano Amin alifungua kufuli, akainama ndani ya tangi na tochi na rula ya chuma. Alikaa humo muda mrefu. Darasa zima, lililoletwa asubuhi na trekta ileile, lilisimama nyuma yake, na Judy alikuwa ameshika kiwiko cha Dama bila kujua.

"Milimita nne," Amin alisema.

Nusu inchi ni zaidi ya milimita kumi na mbili. Alizunguka nje, akagusa ule unyevu karibu na bomba, akauchorea duara. Kisha akaijaza fomu juu ya bodi ya trekta: alama sitini na moja kwa mia, kazi imepita. Alikata alama za kuchelewa, za umaliziaji, na za bomba. Sehemu ya kumbukumbu za kazi aliiacha wazi, kwani hiyo hutiwa na mwalimu.

Twaiba aliijaza hapohapo. Dama alipata alama tatu kwa kumi, za chini kuliko wote.

"Mwalimu, mfereji wa kurudisha maji ni mimi niliyeutengeneza," Dama alisema alipoiona.

"Na alama ya mfereji umeipata, ni ya juu kuliko zote. Hii ni ya kadi."

Dama aliitazama fomu, akatia saini mahali pake.

Garama alikuwa anajaribu kukwangua matope kwenye viatu kwa kipande cha ubao. "Muhula mmoja mwingine," alimwambia Twaiba bila kuinua macho. "Siyo miwili. Na idara ya umeme watangoja kwanza tuone. Na safari hii, tafadhali, mchague mahali pa karibu."

"Watachagua wanafunzi."

"Najua watachagua wanafunzi. Ndiyo maana nakuomba."

Mfereji wa paa ulirudishwa siku ileile, na kufikia alasiri wanawake wa Mwadzombo walikuwa wameanza kuchota. Muhula mpya utafunguliwa Jumatatu tarehe 8 Januari 2024. Wiki ya kwanza wanafunzi tisa watarudi kule kupunguza maji ya tangi, kukwangua sehemu yenye unyevu karibu na bomba na kuipiga plasta upya. Wiki ya pili watapendekeza kazi inayofuata na kuipigia kura.